Kabla ya Wittenberg: Mjadala wa Sauti Nne

Hoja iliyowekwa mezani anaijua kila aliyesoma historia hadi kidato cha nne: Matengenezo ya Kanisa yaliyoanzia Ujerumani mwaka 1517 yalisababishwa na uozo wa Kanisa la Roma. Mapapa walijenga makasri, maaskofu wakanunua vyeo, vyeti vya msamaha, yaani rehema, vikauzwa hadharani, mpaka mtawa mmoja wa Wittenberg, Luther, akachoka na kuandika hoja 95. Mtahiniwa akijibu hivyo hupata alama zake na kwenda zake.

Nimeita sauti nne ziijadili hoja hiyo, zote za kutungwa na mimi. Mwalimu anafundisha historia sekondari, na hana imani na sababu yoyote isiyo na fedha ndani yake. Padri hufundisha historia ya Kanisa seminarini. Mchungaji ni Mmoraviani wa Rungwe. Mzee ni mpiga chapa mstaafu, wa enzi za kupanga herufi za risasi mojamoja. Mwenyekiti ni mimi, na niseme mapema kwamba mwenyekiti huyu ana upande.

MWALIMU: Roho zitangoja, tuanze na madeni. Mwaka 1514 Albrecht wa Brandenburg alichaguliwa kuwa Askofu Mkuu wa Mainz. Alikuwa hajafikisha miaka 25, na sheria ya Kanisa ilitaka askofu awe na 30. Tayari alikuwa Askofu Mkuu wa Magdeburg na msimamizi wa jimbo la Halberstadt. Kuvishika vyote kwa mpigo kulihitaji ruhusa ya Papa, na ruhusa ilikuwa na bei. Isitoshe, Mainz yenyewe ilikuwa imezika maaskofu wakuu watatu ndani ya miaka kumi, na kila mpya alitozwa na Roma ada ya kusimikwa. Albrecht akakopa kwa akina Fugger, wenye benki wa Augsburg. Ili deni lilipike, Papa Leo wa Kumi akamruhusu atangaze rehema katika majimbo yake: nusu ya makusanyo iende Roma kujenga Basilika la Mtakatifu Petro, nusu iende kwa Fugger. Mhubiri Johann Tetzel alipozunguka, wakala wa Fugger alikuwa pamoja naye akilinda makusanyo. Nionyesheni dini iko wapi hapo.

PADRI: Imo sandukuni, Mwalimu. Umetueleza nani alichukua fedha, hujatueleza kwa nini mtu aliitoa. Mkulima wa Saksonia hakuwa na deni kwa Fugger. Tetzel hakuruhusiwa hata kukanyaga nchi ya mtawala wake, Frederick. Watu walitoka wenyewe Wittenberg wakavuka mpaka hadi Jüterbog na Zerbst kuitafuta rehema. Nani aliwalazimisha?

MWALIMU: Waliogopeshwa.

PADRI: Walifundishwa, na mafundisho yalichukua zaidi ya miaka mia tatu. Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kila Mkristo aungame dhambi zake walau mara moja kwa mwaka. Agizo fupi, lakini fikiria maana yake: kila mtu, hata mchunga kondoo, sasa anakaa mbele ya padri wake na kujichunguza roho. Mwaka 1300 Papa Boniface wa Nane akatangaza Jubilei, na mahujaji wakafurika Roma. Mwaka 1343 Clement wa Sita akaeleza kwamba Kanisa linayo hazina ya mastahili ya Kristo na watakatifu, na Papa ndiye anayeigawa. Miaka minne baadaye ikaingia tauni. Kati ya 1347 na 1351 iliua theluthi ya watu wa Ulaya, pengine zaidi, wengi wao bila padri wa kuwapa sakramenti za mwisho. Waliobaki wakawa wanajiuliza ndugu zao wako wapi. Na mwaka 1476 Sixtus wa Nne akaruhusu rehema ya walio hai iwafae marehemu walioko toharani. Unadhani aliyemzika mama yake bila kitubio angeulizia bei?

MWALIMU: Bei ilikuwepo lakini, Padri. Maagizo ya Albrecht kwa wahubiri wake yalipanga viwango: wafalme na maaskofu wakuu dhahabu 25 za Rhine, makabaila chini ya hapo, na kuendelea kushuka.

PADRI: Na asiye na kitu alipe kwa sala na mfungo. Hilo pia limo katika maagizo. Sitetei biashara ile, maana hata Mtaguso wa Trento haukuitetea. Ninachosema ni kwamba dini iliyooza haimpi mtu sababu ya kutembea kutwa nzima. Ukitazama Ujerumani ya miaka hamsini kabla ya Luther unakuta makanisa yanajengwa, vyama vya kitume vinaongezeka, na wenye mali mijini wanatoa wakfu ili wapate wahubiri wasomi. Huko Strasbourg, Johann Geiler wa Kaysersberg alihubiri katika kanisa kuu tangu 1478 hadi alipofariki 1510, akiwakemea maaskofu, watawa na matajiri, na watu wakajaa kumsikiliza. Hao walikuwa na njaa ya neno, na mtu aliyekata tamaa na Kanisa hashindi kanisani.

Hapa mwenyekiti anaingilia kidogo. Wapo wanahistoria waliolifanyia kazi jambo hili kwa upande wa Uingereza. Eamon Duffy alichapisha mwaka 1992 kitabu kikubwa cha kuonyesha kwamba dini ya watu wa kawaida kabla ya Henry wa Nane ilikuwa hai na yenye kupendwa. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa, ingawa najua Padri amefurahi kupita kiasi kulisikia jina hilo. Mzee anajikohoza.

MZEE: Wanangu, mnavitaja hivyo vyeti kama mlivisikia tu redioni. Kwangu mimi ni kazi. Kazi za mwanzo kabisa zenye tarehe kutoka mitambo ya Mainz, mwaka 1454 na 1455, ni vyeti vya rehema, vya kuchangia ulinzi wa Kupro dhidi ya Waturuki. Kimoja kina mistari 31, kingine mistari 30. Ni Kilatini kitupu, lakini katikati pameachwa nafasi: jina la aliyetoa, mahali, siku. Karani anajaza kwa wino, anakabidhi, anamwita anayefuata. Ni fomu kabisa, kama zile nilizokuwa nikipiga za risiti za ushirika.

MWALIMU: Mzee, Gutenberg, mpiga chapa wa Mainz, si ndiye wa Biblia?

MZEE: Ndiyo, na Biblia ndiyo iliyomwingiza mahakamani. Kitabu kikubwa kinakula karatasi, ngozi na mishahara miaka mizima kabla hujauza nakala moja. Johann Fust, aliyemkopesha, alimshtaki mwaka 1455. Cheti cha rehema ni ukurasa mmoja, hakishonwi wala hakijalidiwi, mteja ni Kanisa, na analipa sasa hivi. Kila mwenye mtambo anataka kazi ya namna hiyo ili imlishe akiwa anahangaika na vitabu. Kwa hiyo mtambo ulioeneza rehema hadi ikawachosha watu ndio uleule uliomwezesha Luther kuipinga. Mahubiri yake mafupi kuhusu rehema na neema, ya mwaka 1518, yaliandikwa kwa Kijerumani na yakapigwa chapa zaidi ya mara 20 ndani ya miaka miwili hivi. Na msidhani yeye ndiye aliyewaletea Wajerumani Biblia kwa mara ya kwanza. Tangu Johann Mentelin wa Strasbourg alipotoa ya kwanza mwaka 1466, zilikuwa zimekwisha kutoka Biblia 18 za Kijerumani kabla ya Agano Jipya la Luther la 1522. Wasomaji walikuwepo wakisubiri.

MCHUNGAJI: Nimenyamaza kwa adabu, lakini sasa naona mwaka 1517 unataka kumeza kila kitu. Mzee, shikamoo yako, ila mtambo haukuwa sharti. Kanisa langu lilizaliwa bila huo mtambo.

MZEE: Marahaba. Endelea.

MCHUNGAJI: Anzeni Oxford. John Wycliffe alifariki mwaka 1384. Alikuwa amefundisha kwamba Maandiko yako juu ya Papa, na wafuasi wake wakaitafsiri Biblia kwa Kiingereza. Ilinakiliwa kwa mkono, na mpaka leo zimesalia nakala zaidi ya 200, licha ya sheria ya mwaka 1401 iliyoamuru wazushi wachomwe moto. Mwaka 1382 mfalme wa Uingereza alimwoa Anne wa Bohemia, njia ya kwenda na kurudi Praha ikafunguka, na wanafunzi wa Kicheki wakarudi kwao na vitabu vya Wycliffe. Mjini Praha kulikuwa na kanisa la Bethlehemu, lililoanzishwa 1391 ili watu wahubiriwe kwa Kicheki. Humo ndimo alimohubiri Jan Hus. Mwaka 1414 akaitwa kwenye Mtaguso wa Konstanz, Mfalme Sigismund akampa hati ya usalama, na tarehe 6 Julai 1415 wakamchoma moto.

PADRI: Ni doa ambalo sisi wenyewe tumelijutia. Papa Yohane Paulo wa Pili alilisema hilo mwaka 1999.

MCHUNGAJI: Namshukuru. Ila angalia kilichofuata. Wacheki walidai kikombe cha Bwana kwa waumini wote, siyo mkate peke yake. Ulaya ikawatumia jeshi la msalaba mara tano kati ya 1420 na 1431, na mara zote wakalishinda. Mwishowe Mtaguso wa Basel ukakaa nao mezani, ukawapa kikombe kwa mkataba wa 1436. Ndipo mwaka 1457, kijijini Kunvald, waliotaka maisha ya Injili bila upanga wakaanzisha Umoja wa Ndugu. Hesabuni: miaka 60 kabla ya hoja 95. Walipofukuzwa Bohemia katika karne ya 17 wakabaki wachache, mafichoni. Mwaka 1722 mabaki yao wakapata hifadhi Saksonia, kwenye shamba la kabaila Zinzendorf, wakajenga Herrnhut. Na mwaka 1891 wamisionari kutoka huko walipiga kambi Rungwe. Ndiyo maana babu yangu alibatizwa katika Kanisa la Hus wala hakumjua Hus ni nani.

MWALIMU: Kwa hiyo Hus alishinda kwa sababu gani, na Wycliffe akashindwa? Neno lilikuwa lilelile.

MCHUNGAJI: Wacheki walikuwa na makabaila waliowaunga mkono, na walikuwa wamechoshwa na ukubwa wa Wajerumani katika nchi yao.

MWALIMU: Asante. Siasa.

PADRI: Usishangilie bado.

MWALIMU: Nishangilie mara moja tu, Padri. Mnaniambia habari ya kiu ya neno. Kiu ilikuwepo Ufaransa pia, na Hispania, na Italia. Kwa nini mlipuko uwe Ujerumani? Mfalme wa Ufaransa alikwisha kujichukulia mamlaka juu ya Kanisa lake mwaka 1438, na mwaka 1516 Papa Leo akamkabidhi kwa mkataba haki ya kuteua maaskofu. Uingereza ilikuwa na sheria za 1351 na 1353 za kumzuia Papa asigawe vyeo wala kuvuta kesi kwenda Roma. Ujerumani haikuwa na mfalme wa namna hiyo. Ilikuwa na kaisari aliyechaguliwa na wakuu saba, watatu wao wakiwa maaskofu wakuu wenyewe, na mamia ya nchi ndogo na miji huru. Roma ilipotaka fedha, hapakuwa na wa kusimama mlangoni. Malalamiko ya taifa la Wajerumani yalianza kuandikwa katika miaka ya 1450, na Luther aliposimama Worms mwaka 1521 wakuu walikuwa na orodha ya malalamiko 102. Baadhi yao walimchukia Luther, lakini orodha ni yao. Hata Frederick kumzuia Tetzel ni siasa: jimbo kuu la Magdeburg alilopewa Albrecht lilikuwa limeshikwa na ndugu wa Frederick mpaka alipofariki 1513. Na Frederick mwenyewe alikuwa na masalia ya watakatifu zaidi ya 19,000 pale Wittenberg, yenye rehema zake. Alikuwa anamzuia mshindani.

MZEE: Huyo naye! Nilidhani ni mtu wa dini.

MWALIMU: Ni mtu wa dini, Mzee. Tena sana. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

PADRI: Na Hispania? Kardinali Cisneros alitengeneza mashirika ya watawa kwa mkono wa chuma, akajenga chuo kikuu Alcalá, akasimamia Biblia ya lugha kadhaa ambayo Agano lake Jipya lilipigwa chapa mwaka 1514, kabla hata ya lile la Erasmus la 1516. Huko ndani ya Kanisa matengenezo yalifanyika kabla Luther hajasikika. Kwa hiyo Kanisa liliweza kujitengeneza.

MWALIMU: Liliweza pale ambapo malkia alitaka.

Sasa ni zamu ya mwenyekiti, maana hoja inataka jibu na sioni kama uozo unatosha. Uozo ulikuwepo siku zote. Karne ya 11 vyeo viliuzwa waziwazi kuliko siku za Albrecht, na aliyeibuka kupinga alikuwa Papa mwenyewe, Gregori wa Saba. Kinachotaka maelezo ni hiki: kwa nini lalamiko ambalo zamani lilimezwa ndani ya Kanisa, safari hii lilitokea nje?

Mfano mmoja unanitosha. Miaka ya 1170, mfanyabiashara Waldo wa Lyon aligawa mali yake, akaanza kuishi kimaskini na kuhubiri Injili kwa lugha ya watu. Wafuasi wake wakaenda Roma mwaka 1179 kuomba kibali. Papa Alexander wa Tatu akaupokea umaskini wao, ila kuhubiri akawaambia waombe ruhusa ya mapadri wao. Mapadri hawakutoa, wao wakahubiri, na mwaka 1184 wakatangazwa wazushi. Miaka 25 baadaye mtoto wa mfanyabiashara mwingine, Fransisko wa Assisi, akaja Roma na maisha yaleyale na ombi lilelile. Inosenti wa Tatu akamkubalia. Leo mmoja ni mtakatifu na mwingine ni jina la kundi lililojificha milimani karne nyingi. Umaskini wao haukutofautiana hata chembe. Waliotofautiana ni mapapa waliowapokea.

Kanisa lililojua kumpokea Fransisko lilikuwa na njia ya matengenezo. Katika karne ya 15 njia kubwa kuliko zote ilikuwa mtaguso. Mapapa walikaa Avignon tangu 1309 hadi 1377. Mwaka uliofuata wakawa wawili, na kuanzia 1409 watatu. Mtaguso wa Konstanz, huohuo uliomchoma Hus, ndio uliowaondoa na kumchagua mmoja mwaka 1417. Uliagiza pia mitaguso iitishwe kila baada ya muda maalumu, hatimaye kila miaka kumi. Muulizeni Padri agizo hilo liliishia wapi.

PADRI: Najua unakonipeleka. Basi nitakwenda kwa miguu yangu. Mwaka 1460 Papa Pius wa Pili alitoa hati ya kupiga marufuku mtu yeyote kukata rufaa kutoka kwa Papa kwenda mtagusoni. Mwaka 1462 akaufuta mkataba wa kikombe waliopewa Wacheki. Na ili uchungu ukamilike: kabla ya kuwa Papa aliitwa Enea Silvio Piccolomini, na ujana wake aliutumia kwenye Mtaguso wa Basel akiutetea dhidi ya Papa wa wakati ule.

MCHUNGAJI: Milango miwili, miaka miwili, mkono mmoja.

PADRI: Alikuwa na hoja zake. Basel ulivurugika, ukachagua Papa wake, mpasuko ukarudi. Aliogopa kitu cha kweli.

MCHUNGAJI: Sikatai. Lakini Luther alipokata rufaa kwenye mtaguso mwaka 1518 alikuwa tayari anavunja hati ya Pius. Na alipobanwa na Johann Eck, mtetezi wa Papa, kule Leipzig mwaka 1519, akakiri kwamba baadhi ya mambo aliyohukumiwa Hus yalikuwa ya Kikristo. Baada ya hapo hakuwa na mtaguso wa kuutegemea, maana alikuwa amesema hata mtaguso unaweza kukosea. Akabaki na Maandiko.

MZEE: Na mtambo.

MWALIMU: Na Frederick! Mnamsahau Frederick kila mara. Bila yeye Luther angekuwa Hus wa pili.

PADRI: Kuna jambo dogo linaloniuma zaidi ya hati ya Pius. Mtaguso wa Tano wa Laterano ulikaa tangu 1512. Wasemaji waliusomea Kanisa makosa yake yote, hadharani, mbele ya Papa: mapadri wasio na elimu, vyeo vinavyorundikwa kwa mtu mmoja, fedha. Maazimio yakapitishwa. Ukafungwa Machi 1517, na Leo wa Kumi akaendelea na shughuli zake. Hoja 95 zilitoka Oktoba. Miezi saba!

MWALIMU: Na uliofuata?

PADRI: Trento. Desemba 1545.

MWALIMU: Miaka 28, Padri. Nyumba inaungua na mnasubiri miaka 28?

PADRI: Clement wa Saba hakutaka kuusikia mtaguso. Aliogopa utamfanya kama Konstanz ulivyowafanya watangulizi wake. Kaisari Charles aliutaka, mfalme wa Ufaransa akaupinga kwa sababu Kaisari aliutaka, na vita vyao haviishi. Ulipofunguliwa, maaskofu waliofika hawakuzidi sana thelathini. Baadaye walifanya kazi kubwa: seminari ziliagizwa huko, na biashara ya rehema ikapigwa marufuku huko.

MCHUNGAJI: Kikombe?

PADRI: Baada ya Trento Papa Pius wa Nne aliruhusu katika baadhi ya majimbo ya Ujerumani na Austria, mwaka 1564. Kwa sehemu, na kwa muda.

MCHUNGAJI: Miaka 149 baada ya Hus.

MWALIMU: Niandike basi kwamba mwenyekiti na Padri wamekubali: mapapa waliogopa mitaguso kwa sababu ya madaraka, na madaraka ni siasa.

PADRI: Andika. Ila kwenye mstari unaofuata uandike kwamba waliolilia mitaguso hawakuwa wanatafuta madaraka wala fedha.

MWALIMU: Wote?

PADRI: Wengi.

MZEE: Andikeni yote mawili, kisha mniletee nisome prufu. Na safari hii jina la Jüterbog mliandike na vitone vyake.